Nani Humkumbusha Nani? Uhakiki wa Lugha ya Makumbusho ya Maji Maji, Songea

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Makumbusho ya Maji Maji yaliyopo Songea, mkoani Ruvuma, kwa kuyasoma kama matini. Hoja inayojengwa ni kwamba makumbusho, sawa na utenzi au tamthilia, yana msamiati, sintaksia na mpangilio wa masimulizi, na kwamba uteuzi wa lugha huamua nani anakumbukwa, kwa sura gani, na nani anabaki nje ya kumbukumbu. Kwa kuanzia na muundo wa kitenzi *kumbusha*, makala yanachunguza maneno *uasi*, *vita*, *hongo*, *shujaa* na *fuvu*, pamoja na matumizi ya kauli ya kutendwa na upatanisho wa kisarufi. Inahitimishwa kwamba makumbusho yamefaulu kuutoa msiba wa 1906 katika lugha ya mtawala, lakini bado hayajawapatia nafasi waliokufa kwa njaa, wanawake na watu wa nje ya Ungoni. Na kwamba mjadala wa kurejeshwa kwa mabaki ya wahenga unadai uamuzi wa kisarufi ambao wanaisimu wa Kiswahili hawana budi kuushughulikia.

1. Utangulizi

Tarehe 27 Februari ya kila mwaka mji wa Songea huwakumbuka viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na utawala wa Kijerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Kitovu cha kumbukumbu hiyo ni Makumbusho ya Maji Maji, yaliyoanzishwa mwaka 1980 na ambayo baadaye yaliingizwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Anayefika hapo hakutani na kabati za vioo peke yake. Hukutana na kaburi la halaiki, na kaburi la pekee la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umerithi jina lake. Hukutana pia na sanamu za viongozi. Ni sehemu chache ambamo kitu kinachooneshwa na ardhi iliyokizaa vimekaa pamoja kiasi hicho.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazawa wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Tangu siku hiyo Makumbusho ya Songea yamekuwa mahali ambapo dola mbili zinazungumza kuhusu wafu, na kila neno linalotumika hapo lina uzito wa kidiplomasia.

Wanahistoria wameyaandika mengi kuhusu Maji Maji. G.C.K. Gwassa na John Iliffe walikusanya kumbukumbu za vita hivyo katika miaka ya 1960, na mkusanyiko wa tafiti uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 umeonesha jinsi migogoro ya mahali ilivyoingiliana na ile ya kikoloni. Kwa upande wa akiolojia, Nancy Rushohora amechunguza makaburi na mandhari za vita hivyo. Suala la lugha ambayo kumbukumbu hizo hutamkiwa mbele ya umma halijapewa uzito uleule. Makala haya yanajaribu kuliziba pengo hilo kwa kiasi fulani.

2. Usuli wa Vita kwa Muhtasari

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, pale wananchi walipong'oa pamba ya mashamba ya kulazimishwa. Mpango huo wa pamba ulianzishwa mwaka 1902 chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, juu ya kodi ya nyumba iliyokuwa ikitozwa tangu 1898. Kabla ya hapo Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kugawa maji yaliyoaminika kuzigeuza risasi za Wazungu kuwa maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini habari za dawa zilikuwa zimekwisha kumtangulia. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakafyekwa kwa bombomu.

Wangoni waliingia vitani mwezi Septemba. Mputa Gama aliongoza upande wa Njelu na Chabruma upande wa Mshope. Misheni ya Peramiho ikachomwa. Jeshi la Wajerumani liliposhika tena Ungoni, viongozi walikamatwa na kuhukumiwa, na zaidi ya 60 wakanyongwa. Chabruma alivuka Mto Ruvuma na kuingia katika himaya ya Wareno. Hapo ndipo masimulizi ya Songea yanapofikia kilele, ilhali msiba wenyewe ulikuwa bado unaendelea. Mashamba na maghala yaliteketezwa kwa makusudi ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Hesabu rasmi ya Wajerumani iliweka idadi ya Waafrika waliokufa kuwa 75,000. Makadirio ya Gwassa yanafika kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliokufa walikuwa 15.

3. Kitenzi Kumbusha na Washiriki Wake

Katika lugha kadhaa za Ulaya, jengo la kuhifadhi vitu vya kale lina jina lake, na mnara wa kuwaenzi wafu una jina jingine. Kiswahili kimeyaweka hayo mawili chini ya paa moja. Nomino *makumbusho* imeundwa kutokana na kitenzi *kumbuka* kilichonyambuliwa katika kauli ya kutendesha, *kumbusha*, kwa mabadiliko yaleyale ya sauti yanayoonekana katika *waka/washa*, *amka/amsha* na *anguka/angusha*. Kisha kikapewa kiambishi awali *ma-* na kiishio *-o*. Kwa maana ya asili, basi, makumbusho ni vile vitu vinavyomfanya mtu akumbuke. Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili kinalo pia neno *kumbukumbu* kwa ajili ya minara na sherehe. Ni kweli, lakini neno hilo halikuondoa wajibu uliomo katika *makumbusho*. Taasisi yenye jina hilo imejifunga kutenda tendo.

Tendo hilo lina washiriki watatu: anayekumbusha, anayekumbushwa, na jambo linalokumbushwa. Kisarufi, kukumbusha kunachukulia kwamba anayekumbushwa alikwisha kulijua jambo hilo na amelisahau au yuko hatarini kulisahau. Mzee wa Songea anayesimama mbele ya kaburi la babu yake anakumbushwa kwa maana kamili ya neno. Mwanafunzi wa sekondari kutoka Mwanza hakumbushwi; anafundishwa. Mjumbe wa serikali ya Ujerumani naye hakumbushwi wala hafundishwi tu, anashitakiwa. Kaburi moja, sanamu zilezile na orodha ileile ya majina vinalazimika kuzungumza na hadhira hizi tatu kwa wakati mmoja. Udhaifu mwingi unaojadiliwa hapa chini unatokana na hali hiyo: makumbusho yanasema na mjukuu anayejua, kisha yanamwachia mgeni asiyejua ajaze mwenyewe yaliyoachwa.

4. Uasi, Vita na Njaa

Mwaka 1909 Götzen alichapisha kitabu kuhusu matukio hayo, na katika jina lake aliyaita kwa neno la Kijerumani ambalo kwa Kiswahili ni *uasi*. Neno *uasi* lina dai lililofichika. Mtu huasi mamlaka aliyopaswa kuyatii. Mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mungu. Anayelitumia neno hilo kwa Wamatumbi wa 1905 amekwisha kukubali kwamba Götzen alikuwa mtawala wao halali, hata kama anakusudia kuwasifu. *Vita* havina dai hilo. Ili pawe na vita panatakiwa pande mbili tu, na neno lenyewe halisemi upande upi una haki.

Yapo madai kwamba matumizi ya *vita* ni zao la uzalendo wa baada ya uhuru. Ushahidi wa fasihi unayatia shaka madai hayo. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W.H. Whiteley, ulitolewa kwa jina la *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji*. Mtunzi alikuwa mtu wa Lindi, na mtazamo wake ni wa mwungwana wa pwani kuliko wa mpiganaji wa bara. Hata hivyo jina ambalo utenzi huo ulifika nalo kwa wasomaji, miaka minne kabla ya uhuru wa Tanganyika, ni *vita*. Makumbusho ya Songea yanaposhikilia neno hilo hayabuni istilahi ya kisiasa. Yanaendeleza matumizi ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya dola huru. Huu ni ushindi wa kimsamiati, na unastahili kutambuliwa.

Ushindi huo hata hivyo una gharama. *Vita* huvuta masimulizi kuelekea silaha, mapigano, majemadari na hukumu. Hadithi ya namna hiyo huanza kwa shambulio na kuisha kwa kitanzi. Kalenda ya Songea imelifunga tukio tarehe 27 Februari 1906, yaani kabla njaa haijafika kilele. Njaa haina tarehe ya kuadhimishwa wala kiongozi wa kuchongewa sanamu. Haina silaha inayoweza kutundikwa ukutani. Kwa sababu hiyo imekosa umbo katika makumbusho, ingawa ndiyo iliyoua watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Hata tukichukua hesabu ndogo kabisa, ile ya Wajerumani wenyewe, walionyongwa Songea siku hiyo ni chini ya mmoja kwa kila elfu moja waliokufa. Waliobaki waliacha mashamba yaliyogeuka pori, na sehemu kubwa ya pori hilo ikaja kuingizwa katika hifadhi ya wanyama ya Selous. Mtalii anayepita katika hifadhi hizo leo akidhani ardhi ile haikuwahi kukaliwa anatazama onesho kubwa kuliko yote ya urithi wa Maji Maji, na hakuna kibao kinachomwambia hivyo.

Ndiyo maana inafaa kuuliza kama jina *vita* peke yake linatosha. Makumbusho hayana haja ya kuliacha. Yanachohitaji ni kuliongezea neno la pili, *njaa*, lililopewa tarehe zake, ramani yake na sauti zake.

5. Maneno Yanayopoteza Njia

Kuna maneno ambayo mgeni anaamini anayaelewa kwa kuwa ni ya Kiswahili, ilhali maana yake katika vita hivi ilikuwa nyingine. La kwanza ni *hongo*. Kwa msomaji wa leo, hongo ni rushwa. Kwa misafara ya karne ya 19, hongo ilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtawala wa nchi ili kupata njia. Katika masimulizi ya Maji Maji, Hongo ni pepo aliyehusishwa na Bokero wa bonde la Rufiji, na jina hilohilo lilichukuliwa na wajumbe waliopeleka dawa kutoka nchi moja hadi nyingine. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, alimfanya Hongo kuwa nguvu inayomiliki akili na mwili wa mhusika mkuu, na wengi waliosoma tamthilia hiyo shuleni wanalijua jina kwa njia hiyo. Asiyeisoma, akikuta mahali popote kwamba hongo alifika Ungoni na watu wakampokea, anaweza kuelewa kinyume kabisa. Ufafanuzi wa mstari mmoja ungeokoa maana nzima.

La pili ni jina lenyewe la vita. Tahajia yake haijatulia: huandikwa *Maji Maji*, *Maji-Maji* na *Majimaji*. Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina athari kisemantiki. Katika Kiswahili uradidi wa nomino unaoandikwa kama neno moja mara nyingi huzaa kivumishi chenye maana iliyopungua nguvu: kitu cha *majimaji* ni chenye unyevu au kisichoshikamana. *Maji! Maji!* kama maneno mawili ni mwito, na uradidi wake ni wa kusisitiza. Uwanja wa mpira wa Songea na klabu ya soka ya mji huo vinaitwa Majimaji, na hakuna shabiki anayedhani timu yake imeitwa ya unyevunyevu. Matumizi yameligeuza neno kuwa nembo ya ujasiri. Hata hivyo makumbusho, yakiwa na mamlaka ya kiishara juu ya jina hilo, yangefanya vema kudumisha tahajia ya maneno mawili, ambayo inauhifadhi mwito.

Jina hilo linadokeza jambo la tatu, ambalo ni zito zaidi. Vita vilipita katika makabila zaidi ya 20, kila moja na lugha yake, lakini jina lililovibeba ni la Kiswahili. Ni rahisi kutoka hapo na kukisifu Kiswahili kama lugha iliyowaunganisha wanyonge, na masimulizi ya kitaifa hufanya hivyo. Ukweli una pande mbili. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya akida aliyedai kodi, ya jumbe aliyehesabu watu wa kwenda shamba la pamba, na ya amri kwa askari. Mwito wa maji na amri ya kupanda pamba vilitamkwa kwa lugha moja. Kingoni chenyewe kinabeba historia kama hiyo: ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na za majirani zake, ikiwa na mabaki ya msamiati wa Kinguni kama *nduna* na *nkosi*, majina ya vyeo ya walioliteka eneo hilo katika karne ya 19. Makumbusho yanayosimulia kwa Kiswahili pekee, au kwa Kiswahili na lugha moja ya Ulaya, yanaificha safu hii yote. Kuongeza sauti za Kingoni, Kimatumbi, Kingindo na Kindendeule lisiwe suala la mapambo, kwa kuwa lugha hizo ni ushahidi wa kihistoria.

6. Shujaa, Babu na Wasiotajwa

Neno linalotawala kumbukumbu za Songea ni *mashujaa*. Kisarufi halina jinsia, sawa na viambishi vya nafsi vya Kiswahili. Sentensi *Nduna Mkomanile alinyongwa* haimwambii msomaji kwamba Mkomanile alikuwa mwanamke, naye ndiye anayetajwa kuwa mwanamke pekee miongoni mwa viongozi walionyongwa. Lugha isiyobagua jinsia inaweza kumficha mwanamke kwa ukamilifu kuliko lugha inayobagua, kwa sababu msomaji hujaza nafasi iliyo wazi kwa sura anayoitarajia. Na sura ya shujaa, mbele ya safu ya sanamu za wanaume, ni ya mwanamume. Neno *mababu*, ambalo hutumika sambamba na *mashujaa* katika hotuba na mazungumzo, linaukamilisha ufichaji huo. Mkomanile si babu wa mtu. Ni bibi, tena nduna. Kumtaja kwa maneno hayo mawili pamoja kungesahihisha picha nzima.

Thaddeus Sunseri ameonesha, kwa upande wa Uzaramo, kwamba chanzo cha vita hakiwezi kuelezwa bila kutazama kazi za wanawake mashambani baada ya wanaume kuondolewa kwa kazi za lazima. Ikiwa hoja hiyo ina uzito, basi mwanamke hahitaji kuingizwa katika makumbusho kama kielelezo cha pekee kinachoshangaza. Alikuwa katikati ya sababu za vita, na alikuwa katikati ya njaa iliyofuata.

Swali la pili linahusu mtenda. Tuchukue mifano hii ya kubuni:

(1) a. Songea Mbano alinyongwa.
b. Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani.
c. Maofisa wa Kijerumani walimhukumu Songea Mbano na kuwaamuru askari wao wamnyonge.

Sentensi (1a) ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Ni fupi, ina heshima ya maziko, na inafaa juu ya kaburi, kwa kuwa kaburi ni la marehemu na si la muuaji wake. Ikihamishiwa ndani ya chumba cha maonesho inabadilika kuwa ufichaji: kifo kinakuwa kama radi. Sentensi (1b) inamtaja mtenda, lakini kwa jina la taifa zima, na kwa kufanya hivyo inamfuta askari Mwafrika. Hilo si jambo dogo. Jeshi la kikoloni lilikuwa la Waafrika kwa sehemu kubwa, askari wa kulipwa pamoja na wasaidizi waliokusanywa humuhumu nchini, na nao walikufa kwa mamia. Sentensi (1c) ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mwandishi wake analazimika kwenda kwenye nyaraka na kuuliza ofisa yupi, hukumu ipi, askari wepi. Uchaguzi kati ya sentensi hizi tatu, kwa hiyo, unaamua pia kiasi cha utafiti ambacho makumbusho yako tayari kukibeba.

Swali la tatu linawahusu waliotawaliwa na Wangoni. Kabla ya Wajerumani kujenga boma Songea mwaka 1897, falme za Njelu na Mshope zilikuwa zimewateka majirani na kuwachukua mateka. Kwa baadhi ya Wandendeule na Wamatengo, nduna wa Kingoni aliyesimamishwa leo kama shujaa wa taifa alikuwa jana bwana aliyewatoza. Hilo halimwondolei haki ya kukumbukwa, wala halimsafishi aliyemnyonga. Linaonesha tu kwamba neno *shujaa*, likisimama bila kitenzi cha historia, linamgandisha mtu katika siku moja ya maisha yake. Hussein alilikwepa kosa hilo katika jukwaa lake: Kinjeketile wake ana mashaka, na mashaka hayo ndiyo yanayomfanya awe mkubwa. Sanamu haina nafasi ya mashaka, ila maandishi yanayoizunguka yanaweza kuwa nayo.

7. Fuvu Limerejeshwa au Songea Amerejea?

Suala la fuvu la Songea Mbano linaipeleka sarufi ya Kiswahili mahali ambapo vitabu vya sarufi havijafika. Kanuni inayojulikana ni kwamba nomino ya kiumbe mwenye uhai, bila kujali ngeli yake ya kimofolojia, huchukua upatanisho wa *a-/wa-*: *kiboko amezama*, *jemadari amefika*. Kifo kinaiyumbisha kanuni hiyo. *Marehemu* hubaki na upatanisho wa uhai: marehemu *alisema*, marehemu *ameacha* watoto. *Maiti* husikika kwa namna zote mbili, *maiti huyu* na *maiti hii*. *Mwili* umekwisha kuwa kitu: mwili *umezikwa*. Kiswahili, kwa maneno mengine, kina ngazi ambayo wafu hushuka kutoka utu kwenda ukitu, na msemaji huchagua atamsimamisha marehemu kwenye daraja lipi.

Istilahi za makumbusho ya dunia huanzia daraja la chini kabisa:

(2) a. Kielelezo kimerejeshwa.
b. Mabaki yamerejeshwa.
c. Fuvu la Songea limerejeshwa.
d. Songea amerejea.

Katika (2a) marehemu ni kitu chenye namba ya usajili. Katika (2b) ni sehemu isiyo na jina. Sentensi (2c) inarudisha jina, lakini kama mmiliki wa kitu. Katika (2d) pekee Songea ni kiima, tena kitenzi kimeacha kauli ya kutendeshwa: harudishwi na mtu, anarudi. Ndugu wa marehemu wanaosubiri kuzika hawahitaji (2a) wala (2b). Serikali zinazojadiliana, kwa upande wao, zinaona usalama katika maneno hayo, kwa kuwa kitu hakina haki na hakidai fidia. Mtafsiri anayekaa kati ya pande hizo ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhaniwa.

Tanzania ina mfano wa kujifunza. Fuvu lililokubaliwa kuwa la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898, lilirudishwa mwaka 1954 chini ya Gavana Twining na likawekwa katika makumbusho ya Kalenga karibu na Iringa. Kudaiwa kwake kulikuwa kumeandikwa katika mkataba wa Versailles, miongo mitatu na zaidi kabla ya kutekelezwa. Kurudi huko kulileta heshima, lakini pia kulimfanya mtawala aliyerudi nyumbani aendelee kuwa kitu cha kutazamwa. Limerejeshwa, kama *amerejea*, ni swali lililo wazi. Songea italazimika kulijibu mapema zaidi, kabla ya sanduku kufika. Kaburi la pekee la Nduna Songea, lililotengwa na la wenzake, limekwisha kutoa nusu ya jibu: aliyezikwa hapo anasubiriwa akamilike. Kaburi ni hoja ya kuzika, si ya kuonesha. Makumbusho yakija kulipokea fuvu kama kioneshwa, yatakuwa yameipinga hoja ya kaburi lililomo katika uwanja wake.

Hapo ndipo pia neno *msamaha* linapopimwa. Kuomba msamaha ni tendo lenye pande mbili. Haliishi mpaka aliyekosewa ajibu. Mkosewa katika Songea si serikali ya Tanzania peke yake, wala si ukoo mmoja. Ni pamoja na wale wa Umatumbi, Ungindo na Mahenge ambao hawana makumbusho ya hadhi hiyo na ambao vitu vyao vya vita bado vimo katika hifadhi za Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin. Kadiri Songea inavyozidi kuwa mahali pekee pa kuombea msamaha, ndivyo inavyobeba wajibu wa kuwasemea wengine.

8. Hitimisho

Makumbusho ya Maji Maji yamefanya kazi mbili ambazo hazikuwa rahisi. Yamelikataa neno *uasi* pamoja na dai lililomo ndani yake, na yameilinda ardhi ya kaburi isigeuke uwanja mtupu. Pale yanapopungukiwa, upungufu wake unasahihishika kwa kalamu kabla ya kuhitaji nondo na saruji: kulipa neno *njaa* hadhi ya tukio; kulifafanua neno *hongo*; kumtaja Mkomanile kwa jinsia na cheo chake; kuacha kauli ya kutendwa isiyo na mtenda ibaki juu ya kaburi na kuiondoa katika maelezo ya ndani; na kuzirudishia lugha za mahali nafasi yake kama ushahidi.

Lililo gumu zaidi ni la upatanisho. Siku Wangoni watakapompokea nduna wao, mtangazaji atasimama mbele ya kipaza sauti na atalazimika kuchagua kiambishi kimoja, *li-* au *a-*. Wanaisimu wa Kiswahili wanayo nafasi ya kuuandaa uamuzi huo kwa kukusanya matumizi halisi ya wazungumzaji wa Ruvuma kuhusu wafu wao, badala ya kuuacha ufanywe na tafsiri ya haraka ya waraka wa kidiplomasia. Mtu aliyenyongwa, akakatwa kichwa na kusajiliwa kama kitu hawezi kurudishiwa utu wake na sarufi peke yake, lakini sarufi inaweza kumnyima utu huo mara ya pili.